Nukta kwenye Daftari la Mama Phébé

Askari walipomchukua Mama Phébé, Lazare alikuwa kazini, anakaza parafujo za reli. Kazi hiyo alipewa miaka miwili nyuma, alipotolewa kwenye kubeba mataruma, na mwenyewe aliiita kupandishwa cheo. Aliposikia habari alitupa spana palepale akatimua mbio. Mbio zikamshinda baada ya hatua arobaini. Akatembea, mkono kifuani, huku akijilaani.

Kosa la Mama Phébé lilikuwa daftari.

Mwaka wa tisini na mbili, behewa la klorini, ile dawa ya kusafishia maji, lilipinduka karibu na stesheni ya Kamina likapasuka. Hewa ya manjano ikatambaa hadi kwenye nyumba za watu wa reli. Phébé, muuguzi wa dispensari ya mtaa, aliingia ndani yake mara nne, kitenge kilicholowa maji usoni, akiwatoa watu mmojammoja. Lazare alikuwa wa tatu. Baadaye madaktari wakaja kutoka Lubumbashi, wakakaa wiki, wakasema waliopona wamepona, wakapanda treni yao. Mama Phébé hakuwasadiki hata kidogo. Mapafu, alisema, huweka kinyongo.

Basi kila Agosti aliwaita wote sitini walionusurika. Mashine ya kupimia pumzi hakuwa nayo, hata ya kuazima. Lakini mtu wa reli, hata ukimkurupusha usingizini, atakutajia vituo kutoka Kamina hadi Lubumbashi bila kujikwaa. Akawaambia: vuta pumzi moja tu, taja vituo vyote, vikubwa kwa vidogo. Pumzi inapokatikia, hapo ndipo unaposhuka. Naye akaandika. Mwenye mapafu mazima alifika Lubumbashi akaanza kurudi. Wengine walishuka Tenke, wengine Lubudi. Aliyeshuka mapema kuliko mwaka uliopita alitafutiwa dawa, au barua ya kazi nyepesi, hata kama kwa barua hiyo Mama Phébé alilazimika kukaa siku mbili mlangoni kwa mkubwa fulani. Ikawa ndiyo salamu ya mtaani: "Mwaka huu unashuka wapi?"

Huo ni ubishi wa kumvulia mtu kofia. Nchi ilibadili jina, noti zikabadilika, vita vikaja vikapita vikaja tena, treni zenyewe zikawa za kubahatisha. Agosti ya Mama Phébé haikusogea.

Sasa, Agosti ya tisini na tisa, askari wa kizuizi cha barabarani alikuwa amefungua daftari na kusoma: Lazare, Bukama. Jeannine, Luena. Yav, Tenke. Na tarehe pembeni. Wakati wa vita, nani asingeona orodha ya wapelelezi?

Lazare alimkuta mbele ya kapiteni, katika darasa lililogeuzwa ofisi.

"Hakuna muntu alienda Bukama, mon capitaine," Mama Phébé alikuwa akisema, ametulia kama yuko dispensari. "Iko pumuzi yabo njo inafika kule."

"Pumuzi inapanda treni?"

Lazare akaingilia, akaeleza yote huku akihema. Kapiteni alimsikiliza, kisha akaweka kidole kwenye daftari, kaye kama alivyoliita.

"Weye njo Lazare? Mwaka jana ulifika Bukama. Fanya, nione. Ukifika, mama anarudia nyumba. Ukikosa, kaye iko ya uongo, na yeye anapanda ndeke ya Lubumbashi, bamuulize kule."

Lazare alijua hatafika. Kwa miaka miwili alikuwa akiiba. Kabla ya Bukama alijikuna pua, na chini ya kiganja akavuta kapumzi kadogo. Aliogopa barua ya kazi nyepesi, aliogopa kuwekwa getini kwenye kiti, kuhesabu mbuzi wanaopita. Sasa kapiteni alikuwa amesogea hadi wakakaribia kugusana, macho yake kwenye pua ya Lazare. Pa kujikuna hapakuwepo.

Akavuta pumzi. "Kamina," akaanza, na vituo vidogo vikafuata kimojakimoja. Akafika Kabondo. Akafungua mdomo kwa Bukama, na hakikutoka kitu.

"Kaye iko ya uongo," kapiteni akasema.

"Hapana!" Lazare alikohoa hadi machozi. "Mwongo iko minyi. Miaka mbili nilikuwa naiba pumuzi. Mama aandike nini, kama minyi nilimudanganya?"

"Unamutetea tu."

"Mon capitaine," Mama Phébé akasema taratibu, "angalia pembeni ya jina yake. Tisini na saba, na tisini na nane. Unaona point?"

Kapiteni akainamia ukurasa. Nukta zilikuwepo, ndogo, za wino wa bluu.

"Ile point njo wizi ya Papa Lazare. Kila mwenye anaiba, namuwekea. Yeye anakuna pua. Jeannine anajifanya kukohoa."

Kapiteni akafunua kurasa, mwaka baada ya mwaka, nukta baada ya nukta. Uso wake ukalegea. Daftari lililoandika hata uongo wa watu wake, utalishtaki kwa uongo gani?

"Uliyua?" Lazare akamgeukia, aibu imemjaa. "Na ulinyamaza?"

"Unawaza nani aliomba chef yako akutoe mu kubeba ma-traverse, akupe clé ya kukaza reli?"

Lazare akakumbuka alivyojitapa kanisani kwa kupandishwa cheo. Alitamani sakafu immeze, na hapohapo alitamani kumkumbatia.

Kapiteni akafunga daftari, akalirudisha kwa mikono miwili. "Enda, mama," akasema. "Na usiliache tena ba-soldats balisome."

Njiani Lazare aliomba alibebe yeye. Walikwenda polepole, naye alishukuru kimoyomoyo kwamba Mama Phébé alikuwa akimngojea. Akafunua ukurasa wa mwisho ili aone nukta zake tena. Chini kabisa, baada ya wale sitini, palikuwa na jina la sitini na moja ambalo hakuwahi kulisikia likiitwa. Phébé. Tisini na sita, Lubudi. Tisini na saba, Luena. Tisini na nane, Bukama. Wiki iliyopita, kabla hajawaita wengine, Kabondo.

Akatafuta nukta mstari mzima. Haikuwepo hata moja.

"Tupumzike kidogo, mama," akasema.

"Tupumzike," akajibu Mama Phébé, na akakaa kwanza.