Kivuli cha Mkwaju

Jumapili baada ya adhuhuri Bwana Kosta, Mgiriki aliyesimamia shamba la mkonge njia ya Maramba, alitandika blanketi la kijivu juu ya meza ya barazani, akaweka karata, akatuma aitwe Mwamvua muuza mihogo. Mwaka ule wa 1951 bei ya mkonge ilikuwa juu, na Wagiriki wenziwe wote walikuwa Tanga mjini wakistarehe. Yeye upweke ulimkaba, na poka haichezwi peke yako. Karani wake Asheri, Msambaa na Mlutheri wa kweli, alikubali kugawa karata tu. Kucheza alikataa, kwa ajili ya mchungaji.

Mwamvua naye alikuwa na Maalim Uweso wa kumwogopa. Alikwisha kumwendea zamani kumuuliza.

"Kamari ni haramu, maalim, hilo najua. Lakini tukichezea vivuli?"

Maalim alifikiri mpaka kahawa yake ikapoa. "Kivuli kinapimwa kwa pishi?"

"Hakipimwi."

"Sokoni kinauzwa?"

"Wapi!"

"Basi si mali, mwanangu. Ila usinichelewee swala ya alasiri."

Wakawa wanachezea vivuli. Kanuni ilikuwa moja, na Kosta aliishika kama sala: kabla ya kubadili karata mtu huweka kivuli kidogo, cha kichaka au cha kuku; baada ya kubadili huweka kikubwa, cha nyumba, cha mti au cha mtu. Ukiwekewa, una njia tatu. Utupe karata uache vilivyowekwa. Useme "naona," uweke kilicho sawa na mwenzio, karata zifunuliwe. Au upandishe kwa kikubwa kimoja zaidi, naye ajijue. Kivuli kilichowekwa kilikuja chenyewe, kikajilaza chini ya meza kimekunjwa kama mkeka.

Mwamvua alikuwa amewahi kuliwa kwenye karata. Mwezi wa Ramadhani nyumba yake ilikaa bila kivuli, kuku wakahamia kwa jirani, na baraza ya Kosta ikawa na giza maradufu hata akawasha taa mchana. Mwamvua alipokishinda tena kivuli cha nyumba, kuku walirudi. Hakuna aliyelizungumza sana.

Alichokitaka hasa kilikuwa kivuli cha mkwaju. Mkwaju ule ulisimama ndani ya ua wa Kosta, na aliyeupanda ni babu yake Mwamvua. Kwa desturi ya pwani ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Ukipanda mnazi kwenye shamba la mtu, nazi ni zako na za wanao. Shamba la mkonge lilipokuja, wapimaji walivuta kamba wakasema mti unafuata ardhi. Basi mkwaju ukampa Kosta kivuli cha kulalia, na mjukuu wa aliyeupanda akauza mihogo nje ya lango, kwenye jua la kupasua fuvu. Kila jioni alirudi nyumbani na kichwa kinamgonga, na wanawake waliongoja zamu ya zahanati ya shamba hapo langoni na watoto wao wagonjwa waliungua naye pamoja. Ilimuuma, na alisema kwamba inamuuma, kwa yeyote aliyenunua muhogo.

"Shikamoo, Bi Mwamvua," Asheri alisema akichanganya karata.

"Marahaba, mwanangu. Leo nipe za maana, usinipe zile za kwenu milimani za baridi."

Asheri akagawa. Mwamvua akapata ree tatu, karata za juu kabisa, na takataka mbili. Wakaweka vivuli vya vichaka. Yeye akabadili mbili, hazikumfaa kitu. Kosta akabadili moja tu, akaitazama, akavuta sigara.

"Kivuli cha bohari," Kosta akasema. Kikaja kikubwa, kinanuka mkonge.

Hapo Mwamvua akahesabu vivuli vyake. Alikuwa amebakiwa na vikubwa viwili: cha nyumba, na chake mwenyewe. Akisema naona, ataweka cha nyumba, na akishinda atapata cha bohari, kivuli cha maana lakini chembamba adhuhuri. Akipandisha, ataweka na chake mwenyewe. Na Kosta naye, ambaye chake mwenyewe na cha nyumba yake hakuwahi kuvichezea, kikubwa kilichombakia kilikuwa kimoja. Mkwaju.

Akahesabu tabia ya mtu. Aliyebadili karata moja ana jozi mbili, au alikuwa anafukuzia kopa tano. Kama kopa zimekamilika, mimi nimekwisha, nitatembea bila kivuli kama jini. Kama zimemkosa, anatisha tu. Nikipandisha atatupa, nitapata bohari ile ile na mkwaju utabaki. Kupandisha kunanifaa kwa jambo moja tu: awe na jozi mbili nzuri na kiburi cha kutosha. Jozi mbili sina hakika nazo. Kiburi nina hakika nacho, mbele ya karani wake!

"Cha nyumba," akasema. "Na juu yake, mimi mwenyewe."

Kivuli chake kikamwachia nyayo, kikaingia chini ya meza. Asheri akavuta miguu asikikanyage. Mwamvua akasikia baridi visiginoni, akajifunga kanga vizuri.

Kosta akamtazama Mwamvua, akamtazama Asheri. Asheri akatazama dari.

"Naona," Kosta akasema. "Mkwaju."

Akafunua wazungu wa nne wawili, wale wafalme, na kumi mbili. Mwamvua akalaza ree tatu, zinazoshinda jozi mbili zozote, juu ya blanketi, akapiga kigelegele mpaka mbwa wa Kosta akatoka mbio.

Jumatatu kivuli kilikuwa nje ya lango, kipana, cha baridi, hakina mti. Ndani yake vilining'inia vivuli vya ukwaju, na vivuli vya ndege viliruka tawi hadi tawi, ndege wenyewe wakiwa ng'ambo ya ua. Wanawake wakatandika kanga, wagonjwa wakalala, mihogo ikaisha kabla ya saa nne. Mwamvua hakuumwa kichwa, alicheka siku nzima. Kosta hakununa. Alinunua mwavuli, akauchomeka chini ya mkwaju.

Jumapili iliyofuata akamwita tena.

"Leo tuchezee mti wenyewe," Mwamvua akasema.

"Ah, hapana." Kosta alishtuka kweli. "Mti ni mali, Mwamvua. Mali haichezewi karata. Una hati, una mawakili Tanga."

"Kwani wewe uliupataje, bwana?"

Kosta akafikiri kwa uaminifu, maana hakuwa mtu mbaya. "Mimi niliukuta hapa hapa."

"Ehe," Mwamvua akasema. "Uliukuta."

Akaweka kivuli cha kuku, na Asheri akagawa.