Maneno ya Mzambia

René Lukusa alikuwa mchimbaji wa kobalti huko Mutoshi. Kila jioni alitoka shimoni, akanawa, akaazima pikipiki ya kaka yake na kwenda kumchukua mke wake, Myriam, aliyekuwa mpishi katika kantini ya kampuni moja upande wa Kingamyambo. Majirani wa mtaa wao wa Dilala walimsifu kwamba anampenda mke. Mwenyewe alijua kwamba anakwenda kumchunga.

Jioni moja alimkuta amesimama getini na mkuu wake, Mzambia aitwaye Kapembwa, mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi. Walikuwa wakiongea Kiingereza, lugha ambayo Myriam aliipata utotoni alipolelewa na shangazi yake kule Kitwe, nchini Zambia. Alieleza jambo kwa kirefu, mikono ikimsaidia, na uso wake ulichangamka kwa namna ambayo René hakuwa ameiona nyumbani kwa muda mrefu. Kapembwa alimsikiliza, akatabasamu, akasema, “Let me sleep on it, Myriam.”

Kiingereza cha René kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno la kulala alilijua.

Aliendesha pikipiki hadi nyumbani. Alipomshusha mke wake alikwenda moja kwa moja kwa jirani yao Stany, aliyewahi kuendesha lori hadi Ndola, huko huko Zambia, akamwambia maneno yale. Stany aliyatafsiri moja moja: niache, nilale, juu yake.

“Juu ya nani?” René aliuliza.

“Mi sikukuwa pale,” Stany alijibu, macho yakiwa chini.

René alirudi nyumbani, akakataa ugali wa bukari na mboga ya sombe aliyowekewa. Alimtazama Myriam akikunja kikwembe chake kipya cha kitenge na kujiuliza anamvalia nani. Myriam alipouliza kama anaumwa, alisema ni vumbi tu.

Asubuhi alimpeleka kazini kama kawaida, ila hakugeuza pikipiki. Kapembwa alipofika, René alimzuia njia. Wote wawili walijua Kibemba, na kwa Kibemba alimuuliza, mbele ya wapishi na walinzi, kama ni kweli alisema anataka kulala juu ya mke wake.

Kapembwa alibaki kinywa wazi. Kisha, polepole, akaeleza kwamba kwa Waingereza maneno yale ni ya kuomba muda: mtu analala na jambo kichwani, asubuhi anatoa jibu. Myriam aliomba kuhamishwa kutoka jikoni awe mkalimani wa mafundi wa kigeni. Yeye Kapembwa amelala, ameamka, na jibu lake ni kwamba Myriam nafasi anayo, kama bado anaitaka.

Walinzi walicheka. Myriam hakucheka. Alimjibu Kapembwa kwa Kiingereza, maneno machache, akaingia ndani bila kumtazama mume wake.

Siku nzima René hakushuka shimoni. Aibu ilimchoma, lakini kilichomla zaidi ni kwamba yule mtu wa shati jeupe alijua ndoto ya mke wake, ilhali yeye mume alilala pembeni yake bila kuijua.

Jioni, mtoto wao Merdi alipokuwa nje, René alimuuliza mke wake sababu ya kumficha, “Mama Merdi, juu ya nini haukuniambia?”

“Ungeniuliza nitaikala na banani, na wanaume gani, mule ndani,” Myriam alisema. “Mi nakujua, Tata Merdi.”

Ndilo swali lililokuwa mdomoni mwa René.

Myriam alimwambia kwamba ameikubali kazi, na kwamba kuanzia kesho mume wake atamshusha barabarani, getini asikanyage tena. René alikubali. Sasa kila asubuhi anamwacha kwenye kona, anamwona akitembea na mafundi, akiongea nao na kucheka, hadi wanapoingia. Bado inamuuma. Anawasha pikipiki na kwenda Mutoshi.