Baa ya Usiulize

Watu wa Kalemie wakikuelekeza njia hawahangaiki na majina ya barabara. Watakuambia: shuka mpaka Usiulize, halafu kata kushoto. Hata masista wa parokia, ambao hawajawahi kuonja hata povu la bia, huelekeza hivyo hivyo. Mimi nikiwasikia kichwa kinanivimba, na sioni haya kusema. Usiulize ni baa yetu. Aliijenga babu yangu Siméon, baba akaipokea, na leo mwenye ufunguo ni mimi Émérence, mjane mwenye wateja wengi na ulimi ambao haukupigwa pasi.

Kuna wanaosema baa ni baa tu. Hao niwaeleze polepole.

Zamani, mji ulipokuwa bado unaitwa Albertville, babu alikuwa akipaka grisi magurudumu katika karakana ya treni. Baa za karibu na ziwa zilikuwa za wazungu. Mtu mweusi aliingia kwa mlango wa nyuma na kasha la bia kichwani, akalitua jikoni, akatoka alikoingilia. Babu alibeba makasha hayo kila alipotoka kazini, kuongezea mshahara wake. Uhuru ulipofika alisema hataki tena kuuona mlango wa nyuma maishani mwake. Akafyatua matofali, akayachoma mwenyewe, akajenga nyumba yenye mlango mmoja tu wa wateja, nao unatazama barabara. Kaunta aliitengeneza kwa mataruma, zile mbao nzito zinazolala chini ya reli. Mchwa wameijaribu miaka yote hii, wakashindwa, wakaenda kula madawati ya shule ya jirani.

Jina lilikuja lenyewe. Enzi hizo watu walikuwa wanaingia mjini kutoka Manono na Niemba na roho mkononi, na swali la kabila lilitosha kumpoteza mtu. Siku moja mteja alimgeukia jirani yake wa meza: "Weye uko muntu wa wapi?" Waliokaa karibu wakaanza kusogeza viti nyuma. Babu akatoka nyuma ya kaunta na kusema, "Hapa usiulize. Hapa unakunywa." Watu wakashusha pumzi na kucheka, na tangu siku hiyo hakuna aliyeita mahali pale kwa jina lingine.

Vita vimepita vingi baada ya hapo, sitawachosha navyo. Vilipowaka kule Nyunzu, watu walifika kwa miguu na kulala kwenye baraza letu, na mimi niliwapikia bukari, ndio ugali wetu, na ndagala, dagaa wa ziwani, mpaka sufuria zikatoboka. Waliofukuzana porini walinawa mikono katika beseni moja. Sikuwauliza kitu. Ziwa nalo lilipofura na kumeza nyumba za chini, maji yalipanda mpaka ngazi yetu ya kwanza, yakatulia pale siku kadhaa, kisha yakarudi. Majirani husema ni bahati. Mimi nasema babu yangu alijua kuchagua kiwanja.

Sasa nije kwa kaka yangu Gauthier, kwa sababu ndiye aliyetaka kuiua baa yetu.

Gauthier ni mkubwa wangu wa kuzaliwa. Anaishi Lubumbashi, ana kazi nzuri, na ni shemasi katika kanisa lake. Minerval yake, ndiyo karo, ililipwa kwa bia kuanzia shule ya msingi mpaka chuo kikuu, lakini wakimuuliza huko habari za nyumbani anajibu kwamba dada yake "anafanya komersi," yaani biashara, bila kusema ya nini. Shemasi hasemi uongo. Anasema kweli nusu, nusu nyingine anaimeza.

Kiangazi kilichopita alikuja na mgeni, Papa Blanchard, mtu aliyepata mali kwa madini ya Manono na anayetaka kiwanja chetu ajenge ghala la saruji. Sina ubaya na Papa Blanchard. Ni mtu mpole, alinisalimu kwa mikono miwili. Lakini ghala halihitaji kaunta ya babu wala baraza lake. Kila kitu kingebomolewa.

Kwa desturi ya ukoo wetu, nyumba ya babu iko chini ya mtoto wa kiume wa kwanza, na wazee wakikubali, anaweza kuiuza. Wazee waliobaki ni wawili: Papa Léon, mdogo wake baba, na Shangazi Abigaël. Neno moja kutoka kwao, na mimi ningefunga virago. Niliumia sana. Katika baa hiyo nimelea watoto wangu, na matanga ya mume wangu yalikaliwa kwenye baraza lake. Sikujua ningekuwa nani asubuhi ambayo ningeamka bila mlango wa kufungua.

Nilimwita Gauthier pembeni. "Yaya," nilimwambia, maana kwetu ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, "unataka nini na hii nyumba?"

"Ziwa itaikula, Émérence. Bora tuiuzishe sasa, ingali na bei."

"Ziwa ilikuja, ikaona, ikarudi. Njo weye, weye mwenyewe, unataka kuikula."

"Usinitukane."

"Sikutukani. Minakuuliza, baba angalikuwa hapa ungalisema hivyo mbele yake?"

Alitengeneza tai yake, akasema kikao ni Jumapili baada ya ibada.

Jumapili hiyo nilifunga baa kwa wateja mchana kweupe, kitu ambacho hutokea kwa msiba tu. Wazee walikaa meza ya kati. Papa Blanchard alikaa karibu na mlango, kofia juu ya goti. Desturi yetu ni hii: aliyeita kikao ndiye huwapa wazee kinywaji kwa mkono wake mwenyewe. Wazee wakinywa, mambo yanaanza. Wasipokunywa, hakuna neno litakalosemwa, kila mtu anarudi kwake.

Nilifungua kamba kiunoni, nikatoa kifungulio changu cha chupa, nikampa Gauthier. Alikitazama, akamtazama Papa Blanchard, akaitazama suti yake. Ungedhani nimempa nepi ya mtoto. Alikificha kiganjani, akaingia jikoni penye friji. Tulisikia vizibo vikiruka huko huko. Kisha akatoka na sinia: chupa zimekwisha kufunguliwa, glasi zimejaa, povu juu.

Nikaona kosa kabla hajafika mezani.

Kwetu chupa hufunguliwa mbele ya macho ya anayekunywa. Unamwonyesha kizibo, anaitikia kwa kichwa, ndipo unafungua, naye anausikia mlio. Hata soda ya mtoto ni vivyo hivyo. Chupa iliyofunguliwa nyuma ya ukuta hainywewi na mtu mwenye akili, na anayeileta anaulizwa ana nia gani. Sasa fikiria ndugu anayetaka kuuza urithi, siku hiyo hiyo, anawaletea wazee wa ukoo glasi alizozijaza akiwa peke yake jikoni.

Shangazi Abigaël aliondoa mkono wake mezani, akauweka mapajani. Papa Léon alikohoa. "Miye leo tumbo inaniuma," alisema, akitazama dari.

Hakuna aliyetaja sumu. Lakini neno hilo lilikuwa limeshakaa nasi pale mezani, na kila mmoja alilijua. Jasho lilimtoka Gauthier. "Nilifungua kule juu ya... nilitaka tufanye mbio," alisema.

Haraka haraka haina baraka, ndiyo, lakini haikuwa haraka. Mimi ninamjua. Aliona haya kusimama na suti yake mbele ya tajiri, akifungua chupa kama mhudumu. Mjukuu wa Siméon. Nilitamani kumzaba kofi.

Na hapo hapo nikaona nimeshinda. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Wazee wangeinuka, kikao kingekufa, na hakuna mzee ambaye angekaa tena meza moja na Gauthier kuzungumza habari za nyumba. Kabla ya kesho wanawake wa sokoni wangekuwa na habari hiyo. Ingepanda treni, ingefika Nyunzu, ingefika Lubumbashi mpaka ndani ya kanisa lake. Jina la mtia sumu halitoki kwa sabuni. Lakini baa ingebaki yangu. Nilitaka kunyamaza, siwadanganyi. Nilitaka sana.

Nikamtazama. Alikuwa bado ameshika sinia, hajui aliweke wapi. Kaka yangu ni mjinga, ana majivuno, amesahau alikotoka, yote hayo ni kweli. Muuaji si yeye. Na katika nyumba hii, ambamo watu wa vita vyote walikunywa na kutoka salama, hakuna aliyewahi kutoka na jina ambalo si lake. Sikuwa tayari kuanza na mtoto wa mama yangu.

Nikainuka. Nikachukua glasi ya Shangazi, nikainywa yote bila kupumua. Nikachukua ya Papa Léon, nikainywa pia, mbele yao. Bia haikuwa hata baridi vizuri. Nikafuta povu mdomoni.

"Yaya hajui kazi ya baa," nikawaambia. "Walimusomesha sana. Mumusamehe, wazee wangu."

Shangazi Abigaël alinikodolea macho. Mama yule ni mzee lakini haoni mambo nusu nusu. Alielewa nilichokuwa nacho mkononi na nilichokiachia. Akachukua chupa ile ile, akajimiminia mwenyewe, akanywa. Papa Léon naye tumbo likapona ghafla, akamaliza glasi na kusogeza tena.

Basi wazee walikuwa wamekunywa. Kikao kilikuwa kimefunguliwa, na aliyekifungua ni mimi, kwa kinywa changu. Nilirudi kwenye kiti changu kando ya kaunta.

"Sema, mwanangu," Papa Léon alimwambia Gauthier. "Tunakusikia."

Gauthier aliweka sinia chini. Alitoa leso, akajifuta uso, shingo, mpaka mikono. Wazee walingoja. Papa Blanchard aligeuza kofia yake juu ya goti. Nje pikipiki zilipita na watu wakasalimiana.

"Papa Blanchard," alisema mwishoni, "unisamehe. Nimekuleta bure. Hii nyumba haiko ya kuuzisha."

Papa Blanchard hakukasirika. Aliinuka kwa adabu, kofia mkononi, lakini alikuwa ametoka mbali na alikuwa na haki ya kuuliza. "Uliniambia mwenye nyumba njo weye. Sasa mwenyewe njo nani?"

Gauthier akanishika mkono, akaniinua kwenye kiti, akanisimamisha mbele ya mgeni wake wa heshima. Alijibu kwa sauti ile anayoitumia kusoma Neno kanisani, mpaka wapita njia wakageuza vichwa.

"Njo huyu," alisema. "Dada yangu. Anauzishaka pombe."