Bi Dulcie Amgeuza Farasi

Mwaka ule kamati ya maonyesho ya kilimo ya mji wa Koorabilla ilimwondoa Bi Dulcie Trenorden kwenye meza ya keki za sponji, alikohukumu kwa miaka thelathini na moja, ikamsogeza kona ya kompyuta, katikati ya maboga na majogoo.

Kisa ni keki moja. Mwaka uliotangulia alimpa utepe wa bluu, wa mshindi wa kwanza, Trevor Schirmer, fundi wa matrekta, kwa sponji iliyopakwa krimu ikapendeza kama bibi harusi. Jioni ileile Trevor akasimama baa, bia mkononi, akatangaza kwamba keki yake ilikuwa ya pakiti kutoka dukani, ile iliyochanganywa tayari. Watu walicheka mpaka misumari ya paa ikalegea. Laiti Bi Dulcie angeizungusha ile sahani! Upande wa nyuma krimu haikufika, na ukweli wote ulikuwa wazi. Tangu siku hiyo hakuamini kitu kabla hajakigeuza: matikiti, viatu vya dukani, hata kasisi mpya alizungushwa mara mbili mlangoni mwa kanisa.

"Dulcie," Mzee Murray Heinjus, mwenyekiti wa kamati, alimwambia asubuhi, "hukumu kompyuta vizuri, mwakani unarudi kwenye sponji zako. Ukichemsha tena, beji yako ya ujaji naichukua."

"Na mimi najua nini kuhusu kompyuta, Murray?"

"Hakuna anayejua. Ndiyo maana tumekupa wewe."

Washindani walikuwa wawili, na mashine zao zilifanana kwa kila kitu isipokuwa kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye skrini. Fomu iliuliza mambo matatu: kelele, ubora wa picha, na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Kadi ya kwanza, yenye boksi lililochorwa mwanamke aliyevaa chuma na kushika upanga, ilikuwa ya Warwick Tonkin, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu wa adabu anayevua kofia hata akipita mbele ya maboga. Ya pili ilikuwa na boksi lililochorwa joka. Mwenyewe alikuwa nani? Trevor, bila shaka.

"Habari za pakiti, Bi Dulcie?" Trevor akachokoza, pai ya nyama mdomoni.

"Salama tu. Washa mashine yako, kisha ufunge huo mdomo."

Trevor akawasha. Feni ya joka ilianza kwa mngurumo, ikapanda hadi mluzi, na bibi mmoja kwenye meza ya maboga akashika kofia yake kwa mikono miwili. Jogoo aliyekuwa ameshinda nafasi ya kwanza aliduwaa, akasahau kuwika mpaka Krismasi.

"Hiyo ni kadi au mashine ya kukata manyoya ya kondoo?" Bi Dulcie akauliza.

"Inapumua, mama. Kitu chenye nguvu lazima kipumue."

Ya Warwick ilipowashwa, Bi Dulcie alisogeza sikio mpaka hereni ikagusa bati. Alisikia tumbo lake mwenyewe likidai chai, basi.

Ikafuata picha. Kila mashine ilionyesha filamu ileile ya majaribio, inayochorwa na kadi papo hapo: farasi mweupe akikimbia katika mji wa mawe. Kwa Trevor farasi alikimbia vizuri, akikwamakwama kidogo kwenye kona. Kwa Warwick aliteleza kama siagi kwenye kikaango. Halafu draiva ya Trevor ikaganda, skrini ikawa nyeusi, ikabidi azime na kuwasha upya.

"Inatokea mara mojamoja," akasema, safari hii bila kucheka.

Bi Dulcie alijisikia mwepesi kama msichana. Kelele, Warwick. Picha, Warwick. Draiva, Warwick. Aliyemwaibisha mbele ya mji mzima anaondoka mikono mitupu, na yeye anarudi kwenye sponji. Akafungua kalamu.

Lakini mkono ulikuwa na mazoea yake.

"Warwick, mwanangu, hiyo picha inageuzwa?"

"Ukisogeza kipanya, ndiyo. Lakini hakuna anayegeuza."

Akageuza. Nyumba za mawe zilikuwa na uso tu. Nyuma hapakuwa na kuta. Mbingu iliishia njiani kama shuka fupi. Na farasi, maskini, alikuwa na kichwa, singa za shingoni na miguu ya mbele. Makalio hana.

Warwick alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Trevor alikuwa anapangusa mchuzi kwenye kidevu. Kumrudisha farasi alivyokuwa kungechukua nukta moja, na nani angejua? Bi Dulcie alikishika kipanya kitambo kirefu. Kisha akahamia mashine ya joka, akageuza na huko. Ukuta upo. Mbingu ipo. Makalio yapo, mapana, mkia juu.

"Njooni muone," akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa.

Trevor alipiga mbinja. "Draiva imelijua jaribio! Inajua kamera itapita wapi, basi pasipoonekana haichori. Ndiyo maana inakimbia hivyo."

Warwick aliiva uso. "Bi Dulcie, naapa sikujua. Nimeivuta kwenye mtandao siku mbili nzima, mke wangu kaninunia kwa kuwa laini ya simu ilishikwa muda wote. Niweke ile ya zamani?"

"Ikishafika mezani huruhusiwi kupaka krimu upya. Ndiyo kanuni."

Akaandika kadi za majaji. Kwa Warwick, utepe mwekundu wa nafasi ya pili: *Tulivu sana. Ikamilishwe nyuma.* Kwa Trevor, utepe wa bluu: *Makelele, na huganda. Lakini picha ni ya kweli.* Kalamu ilitoboa karatasi.

Mzee Heinjus alikuja, akamtazama farasi wa Warwick, akajikuna shingo. "Mwakani sponji, Dulcie."

Trevor alibandika utepe kifuani, akakosa pa kuweka macho. "Nilidhani utaninyima, mama."

"Nilitaka sana."

"Mwakani nami naleta sponji. Nitapika mwenyewe, kweli."

"Ilete," akasema Bi Dulcie, akiinyoosha beji yake. "Nitaanzia nyuma."