Nepi Zenye Sikio la Mgombea

Kabla ya alfajiri nilisikia vibanio vya nguo vikidondoka ndani ya beseni, kimoja kimoja. Nikajua mkwe wangu yuko uani, anaanua nepi gizani.

"Umemaliza?" nilimnong'oneza dirishani.

"Bado, mama. Gizani sizioni zote."

Mkasi niliushika mimi. Chama kilipita kugawa vitambaa vyenye picha ya mgombea wao, tuvivae mkutanoni. Mkutano ukaisha, mjukuu akazaliwa, na pamba ile ilikuwa laini kuliko chochote tulichokuwa nacho, nikavikata nepi. Nilijitahidi kuukwepa uso, lakini mtu mkubwa ana kichwa kikubwa: hapa likabaki sikio, pale nusu ya tabasamu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko kilikatika siku iliyotangulia. Jirani yetu, mfagiaji wa soko, alifukuzwa kazi kwa kuwashia jiko bango la chama. Na mwanangu anaendesha gari la maji la manispaa, kazi aliyoipata kwa mkono wa chama hichohicho. Na siku hii ilikuwa ya kupiga kura.

Kulipokucha, mlango uligongwa.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Mama Filimbi, mjumbe wa chama mtaani, anayetuita mikutanoni kwa filimbi. Nyuma yake vijana wawili wenye kofia za chama walisimama getini.

"Karibu," nilisema.

"Bibi, leo ndiyo leo. Mkwe wako alijifungua bure, hakutoa hata senti. Nani alileta sera hiyo?"

"Chama."

Ilikuwa kweli, na niliishukuru sera ile. Kumbe mtu anaweza kushukuru na kuogopa kwa pumzi moja.

"Na vile vitambaa viko wapi? Vijana wanataka kuviona."

"Viko... kwenye maji," mkwe wangu alijibu.

Mtoto akalia. Mama Filimbi akamnyanyua kabla hatujamwahi. "Masikini, ameloa huyu." Akafungua pini.

Sikio lile pale. Na nusu ya tabasamu, imelowa chapachapa.

Mkwe wangu aliziba mdomo. Mimi akilini nilimwona mwanangu akirudisha funguo za gari.

"Mama, vipi humo?" kijana mmoja aliita. "Vitambaa wanavyo?"

Mama Filimbi alinitazama. Kisha akavua mtandio wake, akamfunga mtoto taratibu, akaikunja nepi na kuisukuma chini kabisa ya mkoba wake.

"Wanavyo!" alipaza sauti. "Nimeviona kwa macho yangu!"

Akaniinamia. "Zilizobaki chemsheni mpaka rangi itoke. Na wewe bibi, fundi gani unaweka sikio mbele?"

Kituoni nilipita katikati ya vijana wale. Ndani ya kibanda, nyuso za wagombea zilinikodolea macho kutoka kwenye karatasi. Nikamkumbuka mkwe wangu akitoka hospitali bila deni. Nikamkumbuka mfagiaji akikaa kizingitini mchana kutwa, mikono mitupu. Nikaweka alama yangu. Kura yangu naijua mimi na kalamu.

Chama kilishinda. Matarumbeta yalipita mtaani, nasi tukafunga madirisha, kila hatua ya mtu nje tukidhani imekuja kwetu. Mwanangu aliendelea kwenda kazini na kurudi. Shamrashamra zilipotulia, niliupiga pasi ule mtandio nikaupeleka.

Mama Filimbi alifungua mlango nusu, akachungulia nyuma yangu.

"Umefuatwa?"

"Hapana."

"Wamekuuliza chochote?"

"Hata neno. Na wewe?"

"Bado. Nepi niliichoma, lakini nikisikia pikipiki tu, nazima taa."

Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye anaogopa. Alinikalisha sebuleni. Viti vilipangwa vizuri ukutani, vyote vipya, kama vya dukani. Akaupokea mtandio, akauweka magotini. Nilipoinuka, alinishika mkono.

"Tangu nipewe filimbi hii, hakuna anayenigongea mlango ila mwenye shida. Njoo tena, dada yangu, hata kama huna shida. Na mtoto uje naye."