Kiti cha Keki

Shangazi alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, wembe mkononi, akikwangua matone ya rangi kwenye vioo vya sebule. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na juu yake aproni ya kazini ili lisichafuke. Mtu mwenye safari yake hatakiwi kukwangua vioo asubuhi, lakini wifi yake alikuwa amesema kwa ile sauti yake ya asali, "Shangazi, dakika tano tu, wageni wakija wakute mwanga." Na tangu lini dakika tano za wifi zikawa tano?

Nyumba nzima ilimwita Shangazi. Mtoto alimwita hivyo kwa haki, maana alikuwa dada wa baba yake. Wengine walifuata mkumbo, hata fundi rangi. Jina lake lenyewe lilikuwa limebaki mahali pawili tu: kwenye kitambulisho, na kwenye cheti ambacho leo ilikuwa siku ya kwenda kukichukua.

Cheti chenyewe kilikuwa cha kidato cha nne. Wenzake wa rika walikuwa wakiwasomesha watoto wao wapate vyeti vya namna hiyo. Yeye alikuwa amekisomea mwenyewe, jioni, baada ya kufagia wodi za hospitali mchana kutwa, miguu imemvimba ndani ya viatu vya mpira. Majibu yalipotoka alirudi nyumbani anatembea kama hakanyagi chini. Alimkuta mdogo wake amelala chali chini ya sinki la jikoni, anapambana na bomba.

"Nimefaulu," alimwambia.

"Umefaulu, dada? Safi sana," ilijibu sauti kutoka chini ya sinki. "Hebu nipe hiyo spana."

Akampa spana. Habari ikaishia hapo.

Si kwamba mdogo wake alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye shughuli. Mtoto wake wa pekee alikuwa anamaliza chekechea, na kwa ajili hiyo nyumba yote ilikuwa imefumuliwa. Bomba lilibadilishwa, dari ikapigwa mbao mpya, choo kikawekwa vigae, kuta zikapakwa rangi ya maziwa. Rangi ilitembea kutoka sebuleni, ikapita koridoni, ikakaribia chumba cha Shangazi kule nyuma, ikasimama. "Imepanda bei, dada," mdogo wake alimwambia huku akitazama sakafu. "Kopo la mwezi uliopita si la leo. Tutamalizia." Pale ilipokomea palibaki mstari, umenyooka kama umepigwa rula. Upande huu maziwa, upande ule moshi. Mlango wa Shangazi ulikuwa upande wa moshi.

Halafu likaja suala la gari. Mtoto hawezi kwenda kwenye mahafali yake kwa miguu, wifi alisema, watu watatuonaje? Basi kila baada ya kazi mdogo wake alizunguka kwenye yadi za magari yaliyotumika, na kila alipokwenda alimchukua dada yake.

"Twende, dada. Wewe una uzito wa haki."

Kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha nyuma na kurukaruka, wakati mdogo wake amechuchumaa nje akichungulia springi. "Ruka kidogo. Tena. Tena, dada, usiogope." Wauzaji walicheka hadi wakashika mbavu. Mmoja aliuliza, "Bosi, huo mzigo wako unaongea?" Shangazi naye alicheka, cheko la kwenye meno. Alikalia magari mengi msimu ule, na hakuna hata moja lililompeleka popote.

Lakini la mwisho, lile la kijivu lililonunuliwa kwa mkopo wa kazini, lilikuja na ahadi. "Hili limekukubali," mdogo wake alisema akijipangusa mikono. "Jumamosi ya mahafali tunapita mbele ya ile ofisi yenu ya vyeti. Nakusubiri unachukua, tunaendelea. Kiti cha mbele ni chako."

Ahadi hiyo ilikuwa na uzito mkubwa kuliko alivyojua aliyeitoa. Hospitali ilikuwa inatafuta msaidizi wa stoo ya dawa. Ni kazi ya kukaa, yenye koti jeupe, na maombi yalikuwa yanafungwa Jumatatu asubuhi. Walitaka cheti halisi. Na vyeti vya waliosoma mchana vilipelekwa shuleni kwao, lakini wa jioni walivifuata wenyewe, Jumamosi tu, na saa sita mchana dirisha linafungwa. Kwa nini Jumamosi tu? Aliyeuliza aliambiwa ni utaratibu.

Alfajiri ile Shangazi alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu amwondolee wivu. Aliutaja kwa jina lake, hakuuita uchovu. Mtu mzima kumwonea wivu mtoto wa miaka sita ni aibu hata ya kusemwa gizani, lakini alikuwa amekwisha kumwambia Mungu mengi na hili hakuona sababu ya kulificha. Aliposema amina na kufumbua macho, wivu ulikuwa pale pale, umetulia kama mpangaji asiyelipa kodi.

"Shangazi, niangalie!"

Alishuka kwenye ndoo. Mtoto alikuwa mlangoni, amevaa joho jeusi la kukodi lililomfunika hadi vidole vya miguu, kofia yenye kishada imemlalia usoni. Nyumbani walimwita Daktari. Walianza kumwita hivyo kabla hajaota meno.

"Nimehitimu," Daktari akatangaza.

"Umehitimu nini?" Shangazi aliuliza, na akajisikia sauti ilivyokuwa kavu.

Mtoto akafikiri. "Rangi na wanyama."

Shangazi akamwinulia kofia, akamfunga kifungo cha shingo, na vidole vyake vikakawia kwenye kitambaa. Joho lilikuwa laini. Hakuwa amejua kwamba ni laini hivyo.

Alivua aproni, akatangulia garini, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha mbele. Ndani ya mkoba kulikuwa na kitambulisho, nauli ya kurudia, na kitambaa cha kufutia machozi, kwa maana alijijua.

Ndipo keki ikaletwa.

Ilibebwa na wanawake wawili kama mgonjwa. Ilikuwa na ghorofa tatu, na juu kabisa kikofia cha sukari. Nyuma ya gari walikuwa wamekwisha kujipanga mama yake wifi, dada zake wawili waliojaa kweli kweli, na Daktari kwenye mapaja ya bibi yake.

"Iwekwe kwenye buti," alisema Shangazi.

"Kwenye buti itatikisika, itafika uji," wifi akajibu. "Na hapa nyuma, mama ana magoti." Akatazama kiti cha mbele, akautazama mkoba, akamtazama mumewe. Wanawake wengine hawahitaji kusema.

"Na wewe utakaa wapi?" mume akamuuliza.

"Mimi nitabanana na mama. Siwezi kukosa mahafali ya mwanangu."

Mdogo wake akainama kutazama tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. "Dada, unaona hali ilivyo. Nikiwashusha tu, nageuza kukufuata. Sasa hivi."

"Sasa hivi ya saa ngapi?"

"Ah, dada! Sasa hivi ni sasa hivi."

Keki ikaketishwa kiti cha mbele. Wifi akaifunga mkanda, akaupapasa mkanda kuhakikisha umebana. Mkoba ulitupwa kwenye buti pamoja na soda, na kabla Shangazi hajaukumbuka, gari lilikuwa limeondoka. Alilitazama likipita geti. Nyuma limelala kidogo, lakini springi zimeshika. Alizijua springi zile. Alikuwa amezipima kwa makalio yake.

Alisubiri kibarazani, ambako rangi ilikuwa bado inanuka. Alipiga simu, ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Jua lilipoondoka kwenye ngazi aliinuka, akaenda kwa miguu, kwa kuwa nauli ilikuwa kwenye buti. Njiani alijifariji: picha yangu iko kwenye cheti, wataniona kwa macho yao. Mungu hamtupi mja wake. Alikwenda haraka, viatu vya kanisani vikimla visigino.

Dirishani alikuta foleni ya vijana, akapanga mstari. Zamu yake ilipofika, karani hakuinua kichwa.

"Mama, cheti hakitolewi kwa mzazi. Mwambie mhitimu aje mwenyewe."

"Mimi ndiye mhitimu."

Karani akainua kichwa. Kwenye foleni, nyuma ya Shangazi, mtu alicheka, na kijana mmoja akaita, "Hongera, bibi!" Hakuwa na ubaya, na ndiyo maana iliuma zaidi.

Shangazi alitaja namba yake ya mtihani bila kusita. Karani akapekua boksi, akakichomoa, na Shangazi akakiona kupitia kioo: jina lake, na picha yake aliyopiga akiwa amebana midomo ili asicheke. Ulikuwa umbali wa mkono mmoja.

"Kitambulisho?"

"Kiko kwenye gari la ndugu yangu. Lakini picha hiyo, baba, si unaniona?"

"Nakuona."

"Si ndiye mimi?"

"Ndiye wewe kabisa, mama. Lakini macho yangu hayapigwi muhuri." Akakirudisha boksini, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Jumamosi ijayo."

"Kazi ninayoombea inafungwa Jumatatu."

"Hayo waeleze wa Jumatatu. Mimi ni wa Jumamosi. Anayefuata!"

Chekechea haikuwa mbali. Alikimbia. Mwanamke wa umri wake akikimbia barabarani watu humpisha, hudhani amefiwa. Uwanjani kulikuwa na maturubai, maputo na spika zinazokwaruza. Alimkuta mdogo wake mbele kabisa, amenyanyua simu juu, anarekodi.

"Dada! Afadhali umewahi! Nilitaka kukufuata, wamenizibia gari."

"Nipe ufunguo wa buti."

"Ngoja kidogo, ndiyo wanamwita."

"Nipe ufunguo."

"Dada, jamani, mara moja tu katika maisha yake!"

Spika ikanguruma jina, vigelegele vikapasuka, na Daktari akapanda jukwaani akikanyaga joho lake. Alipewa karatasi iliyoviringishwa kwa utepe mwekundu. Shangazi alipiga makofi. Alipiga hadi viganja vikamwaka moto. Alikumbuka jioni moja, baba yao amesimama na sare moja ya shule mkononi, anawatazama wao wawili, na sare ilikuwa ya mvulana. Miaka yote alikuwa amesema hana kinyongo. Alikuwa ameifua sare ile kila jioni na kuipiga pasi. Kwa nini huyu? Kwa nini yule? Kwa nini kila mara anayepigiwa makofi awe mwingine, na mpigaji awe yeye?

Ufunguo aliupata baadaye. Saa sita ilikuwa imepita zamani.

Familia ilipofika kwenye gari, ikicheka na kupangusa jasho, ilikuta mlango wa mbele uko wazi. Shangazi alikuwa amefungua mkanda. Akaibeba keki, iliyokuwa ikisubiri kukatwa nyumbani mbele ya wageni, kwa mikono miwili, akamkabidhi wifi yake, akaketi yeye, akafunga mkanda, akauweka mkoba mapajani.

"Shangazi!" Wifi alisimama na ghorofa tatu kifuani. "Sasa keki itakaa wapi?"

"Itembee. Asubuhi mimi nimetembea, sikupungua sukari."

"Dada," mdogo wake akasema kwa sauti ya chini, "kule si pameshafungwa?"

"Najua. Nipeleke."

"Sasa ukafanye nini?"

"Uliniambia tutapitia. Tupitie."

Mama yake wifi akashusha pumzi kule nyuma, akawaambia wanawe, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika, "Mnaona? Hiyo ndiyo inaitwa roho ya kwa nini."

"Ndiyo, mama, ninayo," Shangazi alijibu bila kugeuka. "Nimeiombea tangu alfajiri haijatoka. Twende nayo hivyo hivyo."

Wifi alijibana nyuma, keki mapajani, na kila gari lilipoingia shimoni sukari ilimpaka kidevuni. Daktari peke yake alicheka.

Ofisi ilikuwa imefungwa. Kufuli kubwa mlangoni, pazia la kijani dirishani. Mdogo wake akazima injini, na wote wakakaa ndani ya nguo zao za sherehe, wakitazama kufuli.

"Piga honi," alisema Shangazi.

"Nimpigie nani, dada?"

"Piga."

Akapiga, fupi, kama mtu anayekohoa kwa adabu. Mlinzi akatokea kwenye kona, anatafuna, mkono mmoja umefunika mdomo.

"Kuna nini?"

"Tumemleta mhitimu," mdogo wake akasema. "Tulikuja kufuata cheti."

Mlinzi akainama, akachungulia ndani ya gari. Macho yake yalipita juu ya Shangazi kama yanavyopita juu ya kiti, yakaenda nyuma, yakakuta joho na kofia yenye kishada. Uso wake ukachanua.

"Ohoo! Mhitimu wetu huyo! Hongera sana, msomi!" Akapitisha mkono dirishani kumpa mtoto mkono, na mtoto akaupokea kama aliyezoea. "Usijali, mkubwa, hata mimi naona umeiva. Njooni Jumamosi, mama atakuchukulia."

Nyuma walicheka, kwa sababu ilichekesha. Mdogo wake naye alianza kucheka, kisha akamtazama dada yake, na cheko likamfia mdomoni. Alifungua kinywa amsahihishe mlinzi. Kikabaki wazi.

Shangazi alinyoosha mkono mbele ya kifua cha ndugu yake, akaweka kiganja, kile kile kilichokuwa bado kinawaka kwa makofi, katikati ya usukani, akabonyeza. Honi ikalia. Mlinzi akaruka nyuma, Daktari akaziba masikio, na madirisha ya jengo la jirani yakaanza kufunguka moja baada ya jingine.

"Dada, basi," alisema mdogo wake. "Dada."

Hakuiachia.