Bakuli la Fundi Cherehani

Siku tuliyomfanyia Mama sherehe ya kustaafu upishi wa shule, tulimpiga marufuku kuingia jikoni. Jikoni kwake mwenyewe, ndiyo. Alikuwa amepikia wanafunzi mia sita kwa miaka ishirini na saba, na Dada akaamua kwamba siku hiyo moja mama yetu atakaa kwenye kochi kama mgeni, miguu juu ya stuli, aletewe kila kitu. Mama alikubali kwa mdomo tu. Kila kifuniko kilipolia jikoni, tulimsikia sebuleni akikohoa.

"Moto mkubwa huo," alisema.

"Mama, umeuona kwa macho yapi?" Dada akauliza.

"Nimesikia vitunguu."

Tulikuwa tunapika dipu. Kama hujawahi kukutana nayo, ni nyama ya kusaga iliyokaangwa, ikachanganywa na jibini, ikafunikwa na jibini nyingine juu, ikaingizwa kwenye oveni mpaka itokote na kupata rangi ya kahawia. Halafu watu wazima na heshima zao wanaizunguka na vipande vya mkate, na heshima inaishia hapo. Dada aliionja mara moja kwenye sherehe ya kazini kwao, akarudi nyumbani anaisimulia kama mtu aliyepata mchumba.

Alianza saa mbili asubuhi. Alikaanga kilo moja na nusu ya nyama, akaikoroga mpaka maji yake yote yakakauka, akatia vitunguu, vitunguu saumu, pilipili hoho na nyanya ya kopo. Jibini laini akaiponda pembeni na krimu. Mimi nilipewa ile ngumu niikwaruze, na naweza kusema kwa haki kwamba ngozi ya vidole vyangu viwili ilichangia sherehe ile. Oveni yetu inawaka chini peke yake, kwa hiyo kila dakika kumi ilibidi chombo kigeuzwe kama mgonjwa.

Chombo chenyewe hakikuwa chetu. Kwetu kuna bati na plastiki tu. Jana yake Dada alikwenda kwa jirani yetu, fundi cherehani, akaazima bakuli lake la kioo la kuokea, pana, zito, kitu cha kuwekwa kabatini watu wakitazame. Fundi alilifunga kwa kitambaa cha suti ya mteja na kumwambia Dada alibebe kama mtoto.

Wageni kumi na mmoja walikuwa wameshafika dipu ilipoiva. Mwalimu mkuu alikuwepo, mtunza stoo wa shule alikuwepo, walimu kadhaa, na fundi cherehani mwenyewe, amekaa karibu na Mama, pini mbili bado ziko kwenye kola yake. Dada alikuwa chumba cha pili akikata mkate. Mimi nikalitoa bakuli kwa taulo mbili. Jibini ilikuwa inatokota mpaka ukingoni. Nilipokuwa nalishusha kando ya sinki, ukingo ukagonga bomba.

Ting.

Sauti ndogo, kama kijiko kikigusa glasi. Nikaliweka chini, nikaangalia. Upande uliogonga ulikuwa na pengo, dogo, la ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Sasa, pengo lina nafuu yake, maana unaliona lilipo. Kipande kilichotoka hapo ndicho sikukiona. Nilitazama kwenye sinki. Nilipiga magoti na tochi ya simu, nikakagua sakafu mpaka chini ya jiko, nikakuta kifuniko cha chupa na karanga moja ya zamani. Nilikung'uta taulo. Hakuna kitu. Na dipu ipo tu pale juu, inatoa mapovu, haina habari.

Dada akaingia na sinia la mkate.

"Mbona umepiga magoti? Umetubu?"

"Bakuli limegonga bomba. Limemeguka, na kipande sikioni."

Akatazama pengo. Nikaona uso wake unafanya hesabu.

"Lilikuwa hivyo hivyo," akasema.

"Uliliona jana?"

"Vyombo vya kuazima vyote vimemeguka. Sogea nipite."

"Dada. Uliliona?"

Akatua sinia. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, nywele zote zinanuka vitunguu, na sebuleni mtunza stoo alikuwa anauliza kwa sauti kama sherehe hii ni ya kunusa tu.

"Kamuulize mwenyewe," akasema hatimaye. "Kwa adabu. Na haraka, kabla jibini haijaganda."

Nikaenda. Nikainama sikioni mwa fundi cherehani, nikamnong'oneza: "Samahani, Fundi, lile bakuli lako lilikuwa na pengo ukingoni?"

Yeye hakunong'ona. Hajui kunong'ona, anaishi na cherehani.

"Pengo unalo wewe, mwanangu, katikati ya masikio! Bakuli langu halina hata mkwaruzo. Na likirudi na pengo utalivaa kichwani."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Maana sasa nilikuwa najua: kipande kimetoka leo, kwenye mkono wangu, na mahali pekee ambapo sijatafuta ni ndani ya dipu.

Nilipogeuka, Dada alikuwa ameshaingia nayo. Sitaki kumsema vibaya. Nafikiri mtu akichoka sana anaamini kile anachokihitaji. Aliliweka bakuli mezani, na upande wenye pengo ukaelekea ukutani. Kumi na mmoja wale wakasimama kwa pamoja kana kwamba kengele ya shule imelia.

"Msile!" nikasema. "Subirini. Kuna kioo ndani."

Sebule nzima ikaangua kicheko.

Hapa lazima nieleze. Mwaka juzi, tulipomfanyia Dada sherehe ya kupata kazi, mimi ndiye niliyetoka jikoni na sura ya msiba nikatangaza kwamba keki imeanguka chini. Keki haikuwa imeanguka. Nilikutwa nyuma ya mlango na nusu yake. Wengi wa waliokuwepo siku ile walikuwepo na leo.

"Keki imeanguka tena!" mtunza stoo akasema, machozi yanamtoka. "Kijana, leo ungetafuta jipya."

"Mzee, sitanii. Limegonga bomba, limemeguka, kipande sijakiona."

"Redio hiyo imeanza," fundi akasema. Redio ndilo jina langu mtaani. "Anataka abaki nayo peke yake."

"Haki ya Mungu, Fundi!"

"Hata ya keki uliapa."

Niliapa, kweli. Nikamtazama Dada anisaidie. Dada alikuwa anapanga leso za karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mtunza stoo akachagua kipande kinene cha mkate, akakielekeza katikati ya bakuli, pale jibini ilipokuwa nzito kuliko kwingine. Nikamshika mkono. Akanitoa kama anafukuza inzi, bado anacheka.

"Weka chini," Mama akasema.

Hakuwa amecheka tangu mwanzo. Aliinuka kwenye kochi, akapita kati ya watu, akatandaza kiganja chake juu ya bakuli. Mtunza stoo alikuwa amempimia Mama vitunguu na chumvi kwa miaka yote ile na kubishana naye kila asubuhi, lakini mkate aliuweka chini.

Mama akapitisha kidole juu ya ukingo, taratibu, akiuzunguka wote, ingawa kioo kilikuwa bado cha moto. Ndivyo alivyokuwa akifanya na sahani za shule kila baada ya kuoshwa, sahani mia sita, moja moja. Kidole kikafika upande wa ukutani, kikasimama.

"Kipande kiko wapi?"

"Sijui, Mama."

"Umetafuta wapi?"

"Kwenye sinki, sakafuni, chini ya jiko, kwenye taulo."

Aliniangalia usoni kwa muda wa kumenya punje moja ya kitunguu saumu. Sikutikisa hata kope. Kisha akachukua taulo mikononi mwangu, akalibeba bakuli, akaenda nalo jikoni. Hakuna aliyemkumbusha marufuku.

Tukamfuata, Dada mbele.

"Mama, nitaichambua kwa uma. Nusu saa tu. Nitakipata."

"Usikitafute."

"Kwa nini?"

"Ukikipata utataka kula kilichobaki. Na kioo hakitoki kipande kimoja tu." Alikuwa ameshatandika magazeti juu ya meza. "Mwaka ule taa ilipasuka juu ya sufuria la maharage. Balbu moja. Mpishi mwenzangu akasema tuchote ya juu, ya chini ni salama. Nikalimwaga lote. Watoto mia sita walikula mkate mkavu saa nane, na mwalimu mkuu wa wakati ule hakunisalimia wiki mbili."

Akapindua bakuli. Kilo moja na nusu ya nyama, jibini zote mbili na ngozi yangu vikashuka kwenye magazeti kwa kishindo cha taratibu. Akafunga, akafunga tena, akaniambia nipeleke kwenye pipa la nje kabisa, paka asifike.

Niliporudi Dada alikuwa analia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Niligeuza upande," alikuwa anasema. "Mama, niligeuza ule upande ukaelekea ukutani."

"Niliona," Mama akasema. "Nyama imebaki?"

"Robo. Ilikuwa ya kesho."

"Jibini?"

"Imeisha yote."

Hapo nikakohoa. Wote wawili wakanitazama.

"Haijaisha yote," nikasema. "Kuna kipande nyuma ya barafu."

"Kipande cha nini?"

"Cha jibini. Kilianguka kwenye mfuko wangu wakati nakwaruza."

"Kikubwa kiasi gani?" Dada akauliza.

"Kama ngumi."

"Ngumi ya nani?"

Nikatoa. Ilikuwa ngumi ya bondia. Dada akacheka huku bado analia, akanipiga nacho begani, akaenda kuwasha jiko. Mama akageuza ndoo, akaikalia, akakunja mikono. Hakugusa mwiko. Alisema mambo matatu tu: kata vitunguu vidogo zaidi, usiikoroge bado, sasa. Safari hii dipu iliingia oveni ndani ya sufuria ya bati iliyobonyea upande mmoja, na nikaigeuza mara mbili kwa mikono miwili.

Fundi cherehani akaja mlangoni wakati nasuuza bakuli lake. Akalichukua, akaweka kidole kwenye pengo, akakitoa.

"Kumbe kweli," akasema.

"Samahani, Fundi. Nitakutafutia jingine."

"Hilo utanitafutia. Na Jumatatu unakuja kunishonea vifungo vya sare, mashati hamsini. Kuhusu kukucheka," akafikiri kidogo, "siombi radhi. Ile nusu ya keki uliyokula ilikuwa yangu."

Dakika ishirini na tano, ikawa tayari. Kidogo, ya kina cha vidole viwili, lakini juu ilikuwa imepata rangi. Dada akasema niipeleke mimi. Nikaiweka mezani mbele ya wageni wote, nikasimama wima.

"Karibuni. Hii haina kitu."

Hakuna mkono uliosogea. Mtunza stoo alikuwa na mkate wake ule ule wa mwanzo, akaugeuza upande wa pili, akaugeuza tena. Mwalimu mkuu akasafisha koo.

"Haina kitu gani?"

"Haina chochote. Nyama, jibini, vitunguu. Chombo ni bati."

"Na imekaa oveni muda wote?"

"Muda wote."

Wakatazamana. Walikuwa na njaa, ilionekana. Mwalimu mmoja akainama akanusa, akarudi kwenye kiti chake.

Mama akatoka jikoni akijifuta mikono kwa gauni lake la sherehe. Akachukua mkate kwenye vidole vya mtunza stoo, akauzamisha katikati mpaka ncha za kucha zikaingia, akautia mdomoni, akatafuna bila haraka huku sote tunamtazama.

"Chumvi haitoshi," akasema, na mikono kumi na moja ikaingia kwa pamoja.